Saa 15 hewani: Soma tiketi yako ya majuu mara mbili

Hebu tuchukue tiketi ya Nairobi kwenda New York. Ndege inaondoka JKIA saa sita usiku na kutua JFK saa moja asubuhi. Saa saba tu! Hata basi la usiku la Mombasa hukawia kuliko hapo.

Ngoja kwanza. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, na msimu wa baridi New York huwa nyuma yetu kwa saa nane. Kwa hivyo ndani ya ndege utakaa saa 15.

Na huo si umbali wa mchezo. Ni takriban kilomita 11,800, zaidi ya robo ya mzunguko wa dunia. Kenya Airways ilianza kwenda huko moja kwa moja Oktoba 28, 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787. Kurudi ni kama saa 14, manake pepo za huko juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na hapo ndege inasukumwa badala ya kupigana nazo.

Sasa njoo kwa kile kinachoumiza vijana wetu. Umepata nafasi ya chuo, harambee imefanywa, mjomba ameuza ng'ombe, na ajenti anakwambia kuna tiketi ya bei nafuu kupitia Dubai. Sawa, lakini fungua ramani, msee. Dubai iko kaskazini mashariki mwa Nairobi, unakoenda ni kaskazini magharibi. Jumla inakuwa karibu kilomita 14,500, na saa kama 19 hewani kabla hujahesabu masaa ya kungoja pale katikati. Ukipangiwa kungoja saa kumi, hapo utanunua chakula kwa bei ya uwanja wa ndege, na hiyo pesa haikuwa kwenye bajeti ya harambee.

Sisemi usichukue. Kama inaokoa pesa ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, chukua na ubebe shali. Mimi mwenyewe niliacha chuo kwa kukosa karo, siwezi kumcheka mtu anayehesabu shilingi.

Ila uliza hivi kabla ya kulipa: hii ni tiketi moja, ama ni mbili zimeunganishwa na ajenti? Zikiwa mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikuache, ile kampuni ya pili haina deni lako. Unanunua upya. Pia utalazimika kuchukua mzigo wako na kuukabidhi tena, yaani unapita uhamiaji wa nchi ambayo pengine inataka viza.

Ajenti akianza kuzungukazunguka kwa swali hilo, weka simu mfukoni, usitume hiyo pesa.