Mzee asistaafishwe katika mazungumzo



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyempa mwanadamu akili na kuifanya kuwa msingi wa amri na makatazo Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye katika dua zake aliomba kinga dhidi ya kurejeshwa katika umri dhalili.

Ndugu msomaji, umri huo umetajwa katika Surat An-Nahl, aya ya 70. Ni umri ambao mtu hufikia asijue tena yale aliyokuwa akiyajua. Dua hiyo tunaiitikia "Amin" misikitini mwetu, kisha tunarudi majumbani tukiamini kwamba hakuna tunaloweza kulifanya zaidi ya kusubiri. Tawakkul haiko hivyo. Mkulima humuomba Mola wake mvua huku jembe likiwa mkononi. Katika kulinda akili za wazee wetu pia lipo jembe, nalo tumeliacha uani.

Kusahau kwa uzee na kusahau kwa maradhi

Mzee akisahau alipoweka miwani, kisha akakumbuka baadaye, huo ni uzee wa kawaida. Lakini mzee akipotea katika njia aliyoipita kwa miaka 40, akauliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa, akarudia Adhuhuri kwa kudhani hajaiswali, au akashindwa kumtambua mwanawe, hayo ni dalili za maradhi. Wataalamu huyaita demenshia. Ni maradhi ya ubongo, wala si fungu la lazima la kila aliyeota mvi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi nayo, na walio wengi wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu. Jibu lao liko Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Huko watafiti waliwapima wazee 1,198 wa vijijini wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wakakadiria kwamba takriban 6 katika kila 100 walikuwa na demenshia. Hao ni wazee wa shamba na mifugo, kama wazee wetu wa hapa Itigi.

Kutolijua jambo hili kuna gharama. Familia moja huuita ugonjwa huu "uzee tu", ikamwacha mgonjwa bila matibabu. Nyingine, na hili ni zito zaidi, huuita uchawi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na kwa jirani zetu wa Tabora wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, hasa akina mama. Bibi anayetoka nje usiku wa manane huenda amepotewa na saa. Bibi anayezungumza na marehemu mumewe huenda hakumbuki kwamba amefariki. Anayemnyooshea kidole bibi huyo amemdhulumu mgonjwa, naye ataulizwa mbele ya Allah.

Jembe tuliloliacha uani

Mwaka 2024, tume ya wataalamu ya jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demenshia. Ilikadiria kwamba kama yangeondolewa yote, karibu nusu ya wagonjwa duniani wangeepushwa na maradhi hayo au wangecheleweshewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, pombe, kukaa bila kuushughulisha mwili, kupungua kwa usikivu na uoni, sonona na upweke. Tazama, ndugu msomaji, ni mangapi kati ya hayo dini yetu imekwisha kutuonya nayo.

Tuanze na presha. Huko huko Hai, utafiti mwingine wa wazee zaidi ya 2,000 ulikuta kwamba karibu 70 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha haipigi hodi. Huiumiza mishipa midogo ya ubongo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kumbukumbu itetereke au kiharusi kibishe. Kwa hiyo mzazi apelekwe kupimwa akiwa mzima. Akiandikiwa dawa, azitumie kila siku kama alivyoelekezwa, wala asingoje kichwa kiume. Chumvi ipunguzwe chunguni, na mwenye miguu yenye nguvu aachwe atembee kwenda msikitini badala ya kupandishwa bodaboda.

Kisha masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri huchoka kuuliza "umesemaje?", akanyamaza, na ubongo usiopokea maneno hukosa kazi. Pengine tatizo ni nta tu, nayo huondolewa na mhudumu wa afya, si kwa njiti ya kiberiti. Pengine ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake unajulikana. Tusiseme "babu amekuwa mkaidi" kabla ya kumpeleka akapimwe.

Heshima inayotenga

Jambo la tatu halihitaji fedha, nalo ndilo tunalokosea zaidi. Tunawapumzisha wazazi wetu mpaka tunawatenga. Chakula tunawapelekea chumbani peke yao. Posa ya mjukuu inajadiliwa sebuleni, wao wanapewa taarifa siku ya nikaha. Bibi akitaka kuchambua mboga, anaambiwa akae. Babu akianza kusimulia, vijana wanainamia simu zao. Tunaliita hilo heshima, kumbe tumemstaafisha mzee katika mazungumzo. Surat Al-Israa, aya ya 23, imetuamuru tuzungumze na wazazi wetu kwa kauli ya heshima. Basi ni vipi atapata kauli ya heshima yule ambaye hazungumzishwi kabisa?

Hai inatufundisha tena. Wazee 34 waliokwisha kupata demenshia, ile isiyo kali sana, walikusanywa katika vikundi vidogo kwa vikao 14 ndani ya wiki 7. Tiba ya vikao hivyo ni kuzungumza, kukumbuka ya zamani na kufanya shughuli za pamoja za kuamsha fikra. Matokeo yalionesha kwamba uwezo wao wa kufikiri uliboreka na wasiwasi wao ukapungua. Ikiwa mazungumzo yamewafaa waliokwisha kuugua, tusiwanyime wazee ambao bado ni wazima.

Sisi waislamu tunayo majengo ya kazi hiyo. Baada ya Alasiri, wazee waombwe kuwasimulia vijana namna waumini wa kwanza wa mji huu wa reli walivyokusanyika kuswali. Mwanafunzi wa madrasa asome juzuu yake mbele ya mzee, naye mzee amsahihishe. Akina mama watu wazima wasisahauliwe katika darsa zao, maana wao ndio hubaki nyumbani zaidi. Na mzee asipoonekana katika swafu siku mbili, siku ya tatu aendewe. Sisi wa kamati tumeanza kuliwekea jambo hili utaratibu, na tunaziomba kamati nyingine zifanye hivyo.

Kwa wenye mgonjwa nyumbani

Mpelekeni hospitali kwanza. Kusahau kwingine husababishwa na upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, au dawa anazotumia, na hayo yana tiba. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo ghafla amechanganyikiwa ni wa kukimbizwa, kwani huenda ni malaria, maambukizi mengine au kiharusi.

Ikithibitika kuwa ni demenshia, msibishane naye. Anayesema hajala, aandaliwe chochote. Anayemuulizia marehemu, aulizwe habari zake na aachwe asimulie. Wala msimlazimishe ibada kwa ukali. Wanazuoni wamebainisha kwamba aliyeondokewa na akili kalamu imenyanyuliwa kwake. Akiwa na akili kwa kiasi, aswalishwe kwa upole pamoja na mwingine wa kumkumbusha rakaa. Na anayemhudumia usiku na mchana, mara nyingi binti au mkwe, apokewe zamu na ndugu wengine, asiachiwe thawabu hiyo peke yake mpaka naye aanguke.

Jioni ya leo, ndugu msomaji, kaa karibu na mzazi wako, muulize jambo ambalo yeye analijua na wewe hulijui, kisha subiri jibu hata likichelewa. Kesho mpeleke akapimwe presha.

Allah atuhifadhie akili za wazee wetu, na atujaalie sisi watoto watakaotuzungumzisha tutakapofika huko. Amin.

Wabillahi tawfiq.