Lisemwalo Si Habari

Wako waandishi wa habari ambao, wakiulizwa kwa nini wamechapa jambo wasilolijua, hujikinga kwa methali ya wazee: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ni yetu na sina nia ya kuitupa. Lakini wazee hawakuitoa iwe kibali cha kalamu. Waliitoa kumwonya msikilizaji asipuuze mnong'ono, bali ainuke akatazame. Mwandishi anayeusikia mnong'ono, akakaa kitini na kuuchapa, ameifuata nusu tu ya methali, tena ile nusu isiyo na kazi.

Nasema haya kwa sababu ya habari za michezo ya kompyuta ichezwayo mtandaoni, ambayo wanafunzi wetu wanaijua kuliko walimu wao, na walimu kuliko wahariri. Huko wachezaji hukutana kwa maelfu bila kuonana, wengi wao kwa majina ya kubuni. Neno hutamkwa asubuhi, adhuhuri likapotoshwa, jioni likakanushwa, na usiku likazuka upya katika lugha nyingine. Si kwamba huko hapana ukweli. Tarehe 18 Septemba 2022 mtu aliyejificha alitoa mtandaoni video zipatazo 90 za mchezo wa Grand Theft Auto VI, uliokuwa bado unatengenezwa. Wengine walipiga kelele kwamba ni za kweli, wengine kwamba ni za kughushi. Jason Schreier, mwandishi wa shirika la Bloomberg, aliwauliza watu waliomo ndani ya kampuni ya Rockstar, ndipo akatamka mambo mawili tu: kwamba video ni za kweli, na kwamba ni za kazi ambayo haijakamilika. Tarehe 19 kampuni yenyewe ikakiri kuibiwa. Hayo yote hayakuchukua hata siku mbili. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuthibitisha ni kuchelewa hajanishawishi.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwezi Mei 2016 gazeti la Novaya Gazeta la Urusi liliandika juu ya vikundi vya mtandaoni ambavyo, kwa madai yake, vilihusika na vifo vya watoto 130 waliojiua katika muda wa miezi michache. Kutokana na habari hiyo ulimwengu ukapata jina la Blue Whale, yaani Nyangumi wa Buluu, ukaambiwa kuwa ni mchezo. Waandishi wengine wa Urusi waliuona upungufu wake mapema. Watoto wale kuwamo katika vikundi hivyo hakuonyeshi kwamba vikundi ndivyo vilivyowaua. Mtoto mwenye huzuni huenda penye wenye huzuni wenzake. Uchunguzi wa Radio Free Europe/Radio Liberty wa mwaka 2017 haukupata hata kifo kimoja kilichothibitika kuwa matokeo ya mchezo huo. Kweli, kijana mmoja alifungwa nchini Urusi mwaka huohuo kwa kuwachochea wenye umri mdogo wajidhuru, na uovu huo haufai kufichwa. Lakini kosa la mtu mmoja si vifo 130, na wala si mchezo unaozunguka dunia.

Hata hivyo ukazunguka, na kwetu ukafika. Mwezi Mei 2017, kufuatia habari za kifo cha kijana mmoja jijini Nairobi, bodi ya Kenya inayosimamia uainishaji wa filamu ilitangaza kuupiga marufuku. Siilaumu sana bodi, kwani ilikuwa imeshtuliwa. Ila niulize: unapigaje marufuku mchezo usio na mtengenezaji, usiouzwa dukani, usio na programu ambayo mtu anaweza kuionyesha akasema ndiyo hii? Ulikuwa na jina tu, na jina hilo lilienezwa na magazeti. Hapo methali yetu ikatimia kwa namna ambayo wazee hawakuikusudia. Lililokuwa halipo lilikuja, kwa sababu baada ya kelele hizo walitokea watu walioanzisha vikundi vya kuliiga jina lile, na vijana waliokwenda kuvitafuta.

Tazama pia kitenzi wanachokipenda: inasemekana. Sisi tunaofundisha Kiswahili au kutunga kwacho tunajua kwamba penye "imesemwa" mtu aweza kuongeza "na fulani", na fulani huyo akaulizwa. Lakini hakuna asemaye "inasemekana na Juma". Sarufi yenyewe inamkataa Juma. Kitenzi hicho kina kazi yake katika hadithi na katika historia ya kale, ambako msemaji amekwisha kupotea. Kukitumia kwa jambo la jana ni kumficha msemaji aliye hai. Katika masjala za serikali nilimofanya kazi miaka mingi, barua isiyo na jina wala sahihi haikufunguliwa jalada. Je, gazeti linalosomwa na maelfu liwe na masharti mepesi kuliko kabati la karani?

Watajibu kwamba heri kuwaonya wazazi bure kuliko kunyamaza mtoto akadhurika. Jibu hilo lina sura ya huruma, na ndiyo maana linadanganya wengi. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwaonya waandishi tangu mwaka 2000, na likarudia mwaka 2017 na 2023, kwamba habari za kujiua zikiandikwa kwa mbwembwe huweza kuwavuta wengine waliokwisha kulemewa. Onyo lisilo na uhakika, basi, si kitu kisicho na gharama. Tena linamwondolea mtoto mwenye huzuni mtu wa kumsikiliza, maana mzazi na mwalimu wake wanashughulika kukagua simu yake wakitafuta nyangumi.

Mwezi Februari 2019 zamu ilikuwa ya Momo, uso wa kutisha uliodaiwa kujitokeza katika video za watoto na kuwaamrisha wajidhuru. Polisi wa Ireland ya Kaskazini walitoa tahadhari, shule za Uingereza zikawaandikia wazazi, na magazeti yakanukuu shule na polisi kana kwamba hao ndio mashahidi. Jumuiya ya NSPCC, inayowahudumia watoto wa nchi hiyo, ilieleza kwamba waliowapigia simu juu ya Momo walikuwa waandishi wa habari wengi kuliko wazazi. Na ule uso ulikuwa wa sanamu iliyotengenezwa na Mjapani Keisuke Aiso, ikaonyeshwa Tokyo mwaka 2016, kwa kufuata hadithi za kwao za mzuka wa mwanamke aliyekufa akijifungua. Mwenyewe alipofikiwa mwezi Machi 2019, alisema kwamba sanamu ile ilikwisha kuoza, naye alikuwa ameitupa tangu mwaka uliotangulia.