Hiyo "Saa ya Maisha" ni ya Maisha ya Nani?

Wiki hii pekee nimetumiwa hiyo video na watu wanne. Unaijua. Jamaa amekaa ndani ya gari, mkono juu ya usukani, anakwambia kijana yeyote mwenye malengo lazima kabla afike miaka thelathini awe na saa moja ya Uswisi. Nunua moja, nunua mara moja, vaa mpaka uzeeke, halafu mwachie mtoto wako. Na chini yake vijana wa Bulla Pesa na Kambi Garba wamejaa wanaandika "inshallah mwaka ujao".

Mimi napinga. Sipingi saa, saa nazipenda sana. Mwenye pesa yake halali akitaka kununua kitu kizuri, anunue, sina neno naye. Napinga huu uongo kwamba saa ghali ndiyo inadumu maisha. Na kinachoniuma zaidi ni sisi kuuziwa huo uongo hapa Isiolo, sisi wenye tumelelewa na watu wanaojua vizuri sana kitu cha kuachia watoto kinafanana aje.

Tuanze na hesabu. Rolex Submariner, ile ya chuma isiyo na tarehe, ndiyo kila mtu anaitaja akizungumzia saa ya kuanzia nayo. Dukani Marekani ni zaidi ya dola 9,000, kabla ya ushuru. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hapo uko milioni moja na laki moja na sitini hivi. Sasa wewe ni mtu wa boda. Unazunguka kutwa nzima kutoka mjini hadi Kulamawe, na ukijinyima sana unaweka mia tano kila siku. Tuseme hujaugua hata siku moja, pikipiki haijaharibika, na hakuna mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Utafika baada ya siku kama 2,300. Miaka sita na zaidi. Au geuza hesabu: ukipata ngamia jike wa maziwa kwa laki moja na kidogo, hiyo saa ni ngamia kumi wamefungwa kwa mkono mmoja.

"Lakini ni mara moja tu, halafu basi."

Hapo ndipo wanakudanganya. Saa ya springi ni mashine kama pikipiki yako. Ndani kuna magurudumu madogo madogo yanasagana mchana na usiku, mafuta yanakauka, mipira ya kuzuia maji inachoka. Rolex wenyewe wanapendekeza ifunguliwe na kusafishwa kila miaka kumi hivi. Hiyo kazi ni dola mia nane kwenda juu, yaani laki moja. Ukiivaa miaka arobaini, umetoa ngamia wengine wanne kwa ajili ya mafuta na mipira. Na hiyo laki hailipwi hapa kwetu. Utapanda gari mpaka Nairobi, na ikibidi saa yenyewe ipande ndege kwenda mbali zaidi, wewe ubaki umeshika karatasi.

Sasa utaniambia fundi wetu wa sokoni ana mkono mzuri. Kweli. Yule mwenye meza ndogo ya kioo, kile kioo cha kukuza amekibana kwenye jicho, anatengeneza saa huku simu tatu zimefunguliwa mbele yake. Mkono anao. Vipuri ndivyo hatavipata. Kampuni kubwa za Uswisi hazimuuzii tu fundi yeyote vipuri, zinawapa wale zimewakubali zenyewe. Na hii si shida ya Afrika peke yake. Mafundi huru wa Ulaya walipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya mwaka 2004, wakisema kampuni za saa zinawanyima vipuri ili wateja walazimike kurudi kwao. Mambo yakaburutwa zaidi ya miaka kumi, Tume ikayakataa malalamiko, na 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasimama na Tume. Kama fundi mwenye cheti chake huko Ulaya amekosa kipuri mpaka akaenda mahakamani, na bado akashindwa, huyu wetu ataandikia nani barua?

Kitu ambacho huwezi kukitengeneza mpaka aliyekuuzia akubali, mimi naona umekikodi.

Halafu tuulize hii stori ya "saa ya kurithisha" ilitoka wapi, kwa sababu haikuwa hivyo tangu zamani. Zamani saa ilikuwa ya kujua saa. Basi. Tarehe 25 Desemba 1969, Seiko wakatoa Astron huko Japani, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa dukani. Ikawa sahihi kuliko springi yoyote, na baada ya miaka michache saa za betri zikawa za bei ya chini kabisa. Uswisi wakaanguka vibaya. Mwaka 1970 sekta yao ya saa ilikuwa na wafanyakazi kama 90,000. Kufika katikati ya miaka ya themanini walikuwa wamebaki kama 30,000. Hawangeweza tena kukuuzia usahihi, kwa sababu saa ya betri ya bei ya chai na mandazi iliwashinda. Kwa hivyo wakaanza kuuza kitu kingine: heshima, familia, baba na mwana. Patek Philippe walianza lile tangazo lao maarufu mwaka 1996, la kwamba saa yao wewe huimiliki, unamtunzia tu anayekuja nyuma yako. Ni tangazo zuri, nakubali. Lakini ni tangazo. Huyo jamaa wa ndani ya gari anarudia maneno ya mauzo yaliyozaliwa kabla yake, na pengine hata hajui.

Na uangalie picha za hilo tangazo. Mara nyingi ni baba mmoja na mtoto mmoja. Haya, ileteni hiyo saa Isiolo. Mzee amefariki, Mungu amrehemu, ameacha wake wawili, watoto wa kiume wanne na wa kike watatu. Mirathi ina mafungu yake. Mke ana haki yake, binti ana haki yake, mtoto wa kiume ana yake. Ngamia wanagawanyika. Mbuzi wanagawanyika. Hata ploti inagawanyika, ingawa kwa ploti za Isiolo na karatasi zake tutapigana kidogo. Saa moja inagawanyika aje? Mmoja achukue kamba, mwingine mishale? Kadhi atawaambia iuzwe mgawane pesa, ama mmoja awalipe wenzake haki zao. Basi ile ndoto yote ya kuvaa saa ya baba inaishia kwa mnunuzi Nairobi, na huyo atawapa bei anayotaka kwa sababu anajua mna haraka.

Kuna jibu moja la wapinzani ambalo ni zito na siwezi kuliruka. Wanasema: ngamia hufa, saa haifi. Hilo hakuna mtu wa kaunti hii atabisha. Kutoka mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na kote nchini zaidi ya mifugo milioni mbili walikufa. Kuna familia ziliingia kwenye ule ukame na boma limejaa, zikatoka na fimbo. Kwa hivyo mtu akitaka kuweka sehemu ya mali yake kwa kitu kisichokula nyasi, simcheki.

Lakini hilo swali mama zetu walishalijibu kabla sisi tuzaliwe. Dhahabu. Mama Msomali au Mborana anaponunua bangili, anajua uzito wake. Siku mtoto amelazwa na hospitali inataka pesa kesho asubuhi, bangili inapimwa kwa gramu, bei ya siku inajulikana, pesa inatoka. Hakuna mtu atamuuliza boksi liko wapi wala kadi ya dhamana iko wapi. Hiyo Submariner yako ukiipeleka kwa sonara wa hapa atakutazama tu. Chuma ni chuma. Thamani yake inaishi kwenye jina, na jina linahitaji mtu wa kulithibitisha, na huyo mtu haishi Isiolo. Na hata huko kwenye soko lake, bei si mlima wa kupanda tu kama wanavyosema. Saa zilizotumika zilipanda kama wazimu mpaka mwanzo wa 2022, halafu zikaporomoka, na waliokuwa wamenunua pale juu walibaki nazo mkononi. (Na wanaume Waislamu mnaotamani ile ya dhahabu tupu, hukumu yake mnaijua, msinifanye niiseme mimi.)

Sasa kitu kinachonikasirisha kuliko vyote. Juni 2024 tulikuwa wapi? Tulikuwa barabarani na tulikuwa kwenye simu. Tulikuza picha za wanasiasa mpaka kwenye kifundo cha mkono. Tulitafuta saa ni ya aina gani, tukaandika bei kando yake, tukauliza mshahara gani unanunua kitu kama hicho wakati inapendekezwa watu waongezewe kodi ya mkate. Tulikuwa sawa kabisa kuuliza. Sasa miaka haijapita mingi, na vijana walewale wanaagiza kopi ya saa ileile kwa elfu tatu na nusu, ili kwenye picha wafanane na mtu waliyekuwa wanamwita mwizi. Kwani tulikuwa tunapinga wizi, au tulikuwa na wivu?

Na hiyo kopi, wallahi, ndiyo mbaya kuliko zote. Maji yanaingia ukinawa uso. Rangi inabanduka, kifundo cha mkono kinakuwa kijani. Mwaka haujaisha imesimama, na fundi akiifungua anaifunga tena bila kusema kitu. Elfu tatu na nusu imeenda, na hujapata saa wala heshima, kwa sababu mwenye kujua saa anaijua kopi kabla hujamaliza kumsalimia. Rolex ya kweli ambayo kijana wa mapato yetu anaweza kuimudu kila siku ni ile ya Waganda, mayai yamekunjwa ndani ya chapati, na hiyo angalau inashibisha.

Tuseme basi unataka saa ya maisha kwelikweli. Swali la kwanza si ya nani. Swali ni: ikisimama, nani ataifungua, na atapata wapi kipuri? Angalia wazee wa hapa mjini, wale wa kukaa kivulini nje ya msikiti baada ya Alasiri. Saa ya chuma ninayoiona sana kwenye mikono yao ni Seiko 5. Hiyo familia ya saa ilianza 1963. Inajijaza yenyewe ukitembea, haitaki betri, inaonyesha siku na tarehe, na nyingi zinaweza kuandika siku kwa Kiarabu. Zimetengenezwa nyingi mno, kwa hivyo fundi akikosa kipuri anakitoa kwa nyingine iliyokufa. Ndiyo maana bado zinatembea. Si kwamba haziharibiki, ni kwamba zikiharibika kuna mtu karibu.

Ukitaka rahisi zaidi, Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki, iko sokoni tangu 1989. Betri moja inakaa miaka kama saba. Casio wanasema inakosea sekunde 30 kwa mwezi, zisizidi. Rolex wanajivunia sekunde mbili kwa siku, na mbili mara thelathini ni sitini. Yaani kwa karatasi zao wenyewe, plastiki ya bei nafuu inaishinda saa ya milioni kwa kazi moja tu ambayo saa inapaswa kufanya. Na zote mbili hazijui Kiswahili. Mshale uko kwenye saba, wewe unasema saa moja. Ulilipa milioni na bado unaitafsiria.

Kabla ununue, fanya hivi. Nenda na fundi, au nenda kwake kwanza umuulize ni saa gani anaona mara nyingi na gani hataki kuziona kabisa. Ikiwa ni Seiko ya mtumba, mwambie afungue mgongo mbele yako, kwa sababu kopi za Seiko nazo ziko. Itikise kidogo uone kama mshale wa sekunde unaamka. Ikiwa ni Casio, betri yake ni CR2016, hakikisha anazo. Uliza bei ya kioo na ya kamba sasa hivi, kabla ya kulipa, ili usishangae baadaye. Na usinunue kubwa kuliko mkono wako, hiyo ni ya kwangu mwenyewe, hamkuniuliza.