Seva ya masomo ikikataa kuanza: tusome kwanza, tufute mwisho



Juma hili tunajibu swali lililotufikia kutoka vikundi zaidi ya kimoja: "Ile ordinateri ndogo ya masomo inawaka taa, lakini watoto wakifungua telefone hawaoni kitu. Fundi anasema lazima afute yote na kuanza upya. Tumkubalie?" Jibu letu ni fupi: hapana, si leo. Kwanza tuiulize mashine yenyewe inaumwa nini. Kuiuliza kunawezekana kwa mama yeyote anayejua kusoma na kubonyeza herufi moja moja.

Kwa wasomaji wapya, seva ni ordinateri ambayo kazi yake ni kuhudumia nyingine. Hapa Lubutu intaneti ni ya bei na mara nyingi haipo, kwa hiyo seva ndogo hubeba masomo tumboni mwake. Programu ya Kolibri hutoa masomo ya shule na kuandika maendeleo ya kila mtoto. Kiwix hubeba Wikipedia, ya Kiswahili au ya Kifaransa. Telefone za watoto hujiunga na seva kwa Wi-Fi bila kula hata franka moja ya megabaiti. Chini ya programu hizo ipo Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki. Aina yake moja, iliyotoka mwaka 2004, inaitwa Ubuntu, neno la Afrika Kusini lenye maana ya utu. Vyote hivi ni vya bure.

Kwa nini tusikubali kufuta haraka? Kwa sababu ndani ya mashine hiyo zimo alama za watoto wanaojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Vikundi vingine vimeweka humo pia nakala ya daftari la AVEC: nani ameweka akiba, nani ana deni. Fundi akifuta, programu itaanza, ni kweli, lakini hesabu ya mwaka mzima itakuwa imekwenda. Na masomo yenyewe ni mazito; kuyapata tena huenda kukataka safari ya Kisangani, zaidi ya kilomita 200, kwa barabara tunayoijua sote wakati wa mvua.

Basi tufuate hatua kwa utaratibu.

Hatua ya kwanza: tutenganishe mashine na programu. Telefone ikiona jina la Wi-Fi ya seva, basi mashine iko hai. Aliyelala ni programu. Wi-Fi isipoonekana kabisa, tuanze na batri na waya za plake za jua kabla ya kugusa kitu kingine.

Hatua ya pili: tuulize hali. Kwenye kibodi tuandike "systemctl status kolibri" kisha tubonyeze Enter. Tutafute mstari wenye neno "Active". Likifuatwa na "active", programu inafanya kazi, na shida iko kwenye telefone au kwenye anwani iliyoandikwa. Likifuatwa na "inactive", programu haijawashwa au imezimwa tu. Tuiwashe kwa "sudo systemctl start kolibri". Likifuatwa na "failed", ilijaribu kuanza ikaanguka. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Hatua ya tatu: tusome daftari la mashine. Linux huandika kila kinachotokea, kama katibu wa kikundi. Tuandike "sudo journalctl -u kolibri -n 50" na itatuonyesha mistari 50 ya mwisho. Wengi husoma mstari wa mwisho tu, na hapo hupotea. Mara nyingi mstari huo husema "Start request repeated too quickly", yaani programu imejaribu kuanza mara nyingi kwa muda mfupi na mashine imeikataza. Kwa kawaida hukatazwa ikijaribu zaidi ya mara tano ndani ya sekunde 10. Hayo ni matokeo, sababu iko juu zaidi. Tupande mstari kwa mstari mpaka tukute kosa lililotangulia mengine.

Hatua ya nne: tulinganishe kosa hilo na haya yanayotokea mara nyingi.

Nafasi imejaa. Maneno yake ni "No space left on device". Tuandike "df -h" na tuangalie safu yenye asilimia. Ikifika 100, programu haina hata pa kuandika jina lake. Tusifute masomo. Tuanze kwa kupunguza madaftari ya zamani ya mashine: "sudo journalctl --vacuum-size=100M".

Mlango umeshikwa. Maneno ni "Address already in use". Kila programu huwapokea watu kwenye mlango wenye namba. Kolibri kwa kawaida hutumia 8080. Programu nyingine ikiwahi namba hiyo, ya pili haipati pa kukaa, kama wamama wawili kugombea meza moja sokoni. Amri "sudo ss -ltnp" huonyesha nani amekaa wapi. Mmoja ahamishwe.

Ruhusa imekosekana. Maneno ni "Permission denied". Hutokea mtu akinakili mafaili akiwa na mamlaka makubwa. Mafaili yanakuwa mali ya mkubwa huyo, na programu haiwezi tena kuyafungua. Amri "ls -l" huonyesha mwenye mali, na "sudo chown" humrudishia anayestahili. Kwa Kolibri iliyowekwa kwenye Ubuntu, jina la anayestahili limeandikwa katika faili "/etc/kolibri/username".

Diski imechomolewa. Ikiwa masomo yako kwenye diski ya nje, na aliyefagia amegusa waya, programu inatafuta nyumba yake na haiioni. Amri "lsblk" huorodhesha diski zinazoonekana. Turudishe waya, tuwashe upya.

Mashine imezimika ghafla. Batri ikiisha wakati mashine inaandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kuumia, na tutaona "Read-only file system": inakubali kusomwa, inakataa kuandikwa. Hapa tusilazimishe. Tunakili kwanza kila tunachoweza kwenye diski nyingine, ndipo tuite fundi. Kinga yake ni kuzima kwa "sudo poweroff" jioni, kabla batri haijazima yenyewe.

Saa imepotea. Ordinateri ndogo za Raspberry Pi, hadi aina ya 4, hazina batri ndogo ya kushika saa. Zikizimwa bila intaneti, huamka zikidhani bado ni siku ile ile. Programu nyingine hukataa kazi kwa sababu hiyo, na daftari la mashine huandika tarehe za uongo. Kwa hiyo amri "date" iandikwe mapema, kabla hatujaamini tarehe yoyote tunayoisoma.

Tena, kuna programu inayoanguka bila kosa lake, kwa sababu inayemtegemea hajaamka. Mfano mzuri ni OpenMRS, programu ya kuandika habari za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na leo inatumika katika nchi nyingi. Huweka habari zake katika ghala la MySQL. Ghala lisipoanza, OpenMRS nayo haianzi, hata uiwashe mara 20. Ugali wa muhogo haupikwi kabla ya maji kuchemka. Tuangalie maji kwanza.

Hatua ya tano: tubadilishe kitu kimoja tu, kisha tujaribu: "sudo systemctl restart kolibri". Tukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na ikapona, hatutajua dawa ilikuwa ipi, na juma lijalo tutaanza upya. Kila badiliko liandikwe kwenye daftari la karatasi: tarehe, neno la kosa, tulichofanya, kilichotokea.

Sasa kuhusu neno la siri. Amri zinazoanza na "sudo" hufanya kazi za mkubwa wa mashine, na huomba neno la siri. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, kwa sababu tunajua mali ya wengi haishikwi na mmoja. Tufanye vivyo hivyo hapa. Neno la siri lijulikane na wamama wawili wa kamati, liandikwe na kufungiwa sandukuni. Kikundi ambacho neno lake liko kwa fundi peke yake hakina seva. Fundi ndiye anayo.

Hatusemi fundi asiitwe. Aitwe, alipwe haki yake, lakini amkute mama mwenye daftari mkononi, atakayemwuliza mambo matatu: kosa la kwanza linasema nini? Umeshanakili alama za watoto na hesabu zetu? Nakala iko wapi, tuione? Fundi mwema atayajibu kwa furaha, maana kazi yake imepungua nusu. Anayekasirika kwa maswali hayo, asiachiwe mashine usiku.

Kazi ya juma hili kwa kila kikundi chenye seva: wakati mashine ni nzima, wamama wawili wakae mbele yake, waandike "systemctl status kolibri", "df -h" na "date", na wanakili majibu kwenye daftari. Anayejua sura ya mashine ikiwa na afya, ataitambua haraka siku itakapougua. Na kabla ya kuondoka, wanakili alama na hesabu kwenye diski ya pili, iwekwe nyumba nyingine.

Tutaonana juma lijalo.