Neno Lako Moja, Sentensi ya Nani?
Mchezo unaujua: wewe unaandika "Kesho", msee wa Kutus anaongeza "mchele", mwingine wa Kerugoya "utashuka", wa nne "bei". Sentensi imeiva, mnacheka.

Sasa jiulize: neno la tano likiwa jina la mkubwa na la sita tusi, nani ataulizwa?

Si mzaha. Desemba 2024, hapo Embu tu, kijana Billy Mwangi alitekwa baada ya kuhusishwa na picha ya kumkejeli Rais mtandaoni. Alirudi nyumbani Januari 6, 2025. Anayekuja kukuchukua hahesabu maneno.

Usiache kucheza. Lakini kumbuka: anayenakili sentensi nzima na kuisambaza peke yake ndiye huonekana mwandishi. Raha mligawana, mzigo ataubeba yeye.