Maradhi Hayangoji Hukumu

Wako wasemao kwamba mabadiliko ya tabia ya nchi ni deni la mataifa makubwa, na kwamba nchi maskini hazina la kufanya ila kungoja fidia. Dai hilo lina haki ndani yake: Afrika nzima hutoa chini ya sehemu 5 katika kila 100 za hewa ya ukaa duniani, wala si haki alipe asiyekopa. Lakini maradhi hayangoji hukumu.

Na utazamwe Mlima Meru. Miamba yake ya volkano huyatia maji floridi, hata meno ya watoto wengi wa Arumeru yakawa ya kahawia, na mifupa ya baadhi ya watu ikapinda. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya pande hizo hupita mpaka huo. Mvua ikikosekana, vijito hukauka, na mwenye kiu hachagui kisima. Juu mlimani nako baridi imekuwa ngome, kwa kuwa kijidudu cha malaria hakikomai ndani ya mbu penye joto chini ya nyuzi 16 hivi. Joto likipanda, ngome hubomoka, na waliomo hawana mazoea ya maradhi hayo.

Wengine husema dawa ni kujenga majumba ya hospitali. Majumba ni mema. Lakini hospitali humpokea aliyekwisha kuugua. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilifuatwa na homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2007 ilionekana Ngorongoro, kisha ikaenea mikoa kadha na kuua mifugo na watu. Dalili ya mvua ni mawingu, na siku hizi mawingu husomwa kabla hayajatanda: Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila msimu. Ikiwa utabiri huo humfaa mkulima katika kuchagua mbegu, kwa nini usimfikie tabibu wa zahanati, ili aagize dawa, na bwana mifugo, ili achanje ng'ombe mapema?

Kazi hiyo haingoji fidia. Yataka maji ya kila kisima yapimwe, wagonjwa waandikwe kwa uaminifu, na wenye afya, maji na mifugo wakae baraza moja. Mji uliolipa jina Azimio la mwaka 1967, lililohubiri kujitegemea, haukosi kulielewa neno hilo. Mdai na adai deni lake. Lakini adaiye huku amelala mlango wazi ataibiwa kabla hajalipwa.