Kitufe Bubu na Irabu za Kikamba

Mwanafunzi wa Kiswahili huketi mbele ya kibodi bila wasiwasi. Lugha yake ina irabu tano, nazo zote zimo miongoni mwa herufi za Kiingereza. Hata ng' huhitaji ritifaa tu. Mwenzake wa Kalamba hana bahati hiyo aandikapo lugha ya mama. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yazo, ĩ na ũ, hutambulishwa kwa kiwimbi kichwani. Ukiviondoa viwimbi vya mũndũ, yaani mtu, Mswahili atasoma mundu, chombo cha kuvunia.

Wapo wanaodai kwamba Kikamba ndicho kigumu kuandika kwa mashine. Dai hili halina mashiko. Katika taipureta ya kale, kitufe cha kawaida kikibonyezwa hufanya kazi mbili: wenzo hurusha herufi ikagonga utepe wa wino, kisha kizuizi cha meno huachia na springi huvuta karatasi nafasi moja. Kitufe bubu hufanya kazi ya kwanza tu. Alama huchapwa, karatasi haisogei, na herufi ifuatayo hutua papo hapo chini yake. Mashine za Kireno zilikuwa na kitufe cha namna hiyo kwa ajili ya ã na õ. Kiwimbi kilekile kingetosha kwa ĩ na ũ. Maarifa hayakukosekana, kilichokosekana ni nia ya kumhesabu Mkamba miongoni mwa waandishi.

Waama, kisingizio cha chuma kimekwisha. Tangu miaka ya 1990, Unicode imezipa ĩ na ũ nafasi zake, na kitufe bubu cha leo ni programu tu, hakidai wenzo wala springi. Aidha, Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka dola ikuze matumizi ya lugha za kiasili. Ukuzaji huo hauna maana iwapo mtoto wa Kalamba atafundishwa herufi ubaoni, kisha azikose kwenye kompyuta.

Basi shule, ofisi za kaunti na vyuo vikuu viweke mpangilio wa Kikamba katika kompyuta zao. Wasomi wa Kiswahili wawe mstari wa mbele kudai hilo, kwani aliyeshiba ndiye mwenye nguvu ya kumpakulia mwenye njaa.